Mama Saning'o Hapiti Tena

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimechemsha bomba za sindano tangu saa moja. Moja imepasuka. Zimebaki nne. Mzee Chilewa kasema leo tusimwambie Daktari, kaamka vibaya. Mzee Chilewa ndiye wa josho, anaogesha ng'ombe za watu tangu wakati wa Mwingereza. Akisema mnyama au mtu kaamka vibaya, ujue kweli.

Daktari wa mifugo ana wiki tatu hapa Kilosa. Anaitwa Kaaya. Mmeru, kijana mrefu, viatu vinang'aa mpaka vumbi linaona haya. Siku ya kwanza kaniambia, "Habari za kazi, ndugu." Ndugu! Mimi wa kumzaa. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu." Kabaki kinywa wazi. Siku hizi anaamkia, ila haraka haraka, kama anameza kwinini.

Mama Saning'o kapita saa mbili, kama siku zote. Kakaa kwenye ngazi ya ofisi, kashusha vibuyu vyake vya maziwa, kakung'uta miguu. Wakwavi, ndugu hawa wa Wamasai, wanatembea jamani. Kutoka huko Mkata mpaka hapa, kila siku, na bado ana pumzi ya kucheka. Nimempa habari zote. Ya mke wa fundi cherehani. Ya foleni ya unga wa njano, waliotwangana. Ya mwalimu wetu wa kisomo, kumbe ana mchumba Masanze. Yeye anacheka kimya, mabega tu yanacheza. Miaka sita sasa. Kiswahili chake chote mimi nimemfundisha, ndiyo maana kinachekesha.

Siku ikianza bila yeye naiona chapwa.

Jumanne, 4 Juni

Kisomo jioni. Mwalimu kasema andikeni kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Wenzangu wanaandika "leo nimelima". Mimi mistari hainitoshi. Lakini daftari hili simsomei mtu. Langu.

Mume wangu, Baba Zaituni, hajaleta barua. Yuko Ruhembe anakata miwa, miezi mitano sasa tangu aondoke. Namtamani. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Juni

Watu hawaji ofisini. Mzee Chilewa kahesabu, wiki nzima wamekuja wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia ya kwenda stesheni. Daktari kakaa mezani na dawa zake zimepangwa mstari. Anajua dawa, hilo siwezi kumnyima. Juzi ndama wa watu alikuwa amevimba tumbo kama ngoma, kamchoma mahali, upepo ukatoka, ndama kasimama. Mwenye ndama kalia. Daktari hata hakumtazama usoni. Kanawa mikono, kaandika, kasema "mwingine". Mwingine hakuwepo.

Yule mtu kaondoka hajaambiwa hata pole.

Nilitaka kusema. Nikafagia.

Jumatatu, 10 Juni

Leo kumeharibika.

Mama Saning'o hakuja na maziwa tu, kaja na mumewe. Baba Saning'o hajawahi kukanyaga ofisi hii. Mzee, fimbo, shuka, masikio marefu mpaka mabegani. Shida yake: ng'ombe wake watatu wametupa mimba kwa mfuatano. Mtu wa vile kuja mwenyewe, ujue kaumia.

Daktari kachukua fomu. Hajasema karibu. Hajasema keti. Swali la kwanza: "Una ng'ombe wangapi?"

Mama wee. Mkwavi humwulizi idadi ya ng'ombe! Hata yeye mwenyewe hawahesabu kwa mdomo, anawatazama tu jioni wakiingia, asiyekuwepo anamjua kwa sura. Ukihesabu unaita kifo. Ni kama mtu aje kwako aanze kuhesabu watoto wako kwa kidole.

Baba Saning'o katazama ukuta. Muda mrefu. Kisha kachukua fimbo, huyoo. Mama Saning'o kamfuata. Pale mlangoni kanitazama mimi, kama mimi ndiye nimeuliza.

Nimemwambia Daktari. Sikuweza kunyamaza. Kasema, "Mama Zaituni, dawa inapimwa kwa idadi." Nikamwambia, "Idadi si utaiona kwa macho yako ukifika zizini? Una macho mawili mazuri." Mzee Chilewa kajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Daktari kaikunja ile fomu. Sikio limekuwa jekundu. Kumbe na watu weusi masikio yanakuwa mekundu.

Jumatano, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimecheka leo mpaka mbavu.

Saa nne Daktari kafunga mlango, kasema, "Mama Zaituni, hebu kaa hapo. Wewe ni mfugaji. Mimi ni mimi. Nifundishe."

Basi nikakaa. Nikajifunga kanga kama shuka, nikachukua ufagio ndiyo fimbo. Yeye kaingia, kasema, "Shikamoo. Ng'ombe wanaumwa nini?" Nikatazama ukuta. Kasema, "Sasa nimekosa nini?" Nikamwambia, majani umeuliza? Maji umeuliza? Watoto? Mvua ya huko? Ng'ombe wa mwisho, mwanangu. Ng'ombe mwache aje mwenyewe.

Mara ya pili kauliza majani, maji, watoto, kama anasoma orodha ya duka. Nikasinzia makusudi. Mara ya tatu kauliza majani, kisha kanyamaza, kangoja. Nikajikuta namwambia majani yamekauka mapema mwaka huu na watoto wanaamka saa tisa kufuata maji. Sina ng'ombe hata mmoja! Lakini alivyongoja vile, maneno yalitoka.

Mzee Chilewa kasema kazi miaka ishirini hajaona shule kama hii. Naye kacheza ng'ombe.

Daktari kasema chuoni walifundishwa utumbo miaka, na kuongea na watu mchana mmoja, na mchana huo yeye alikuwa na malaria. Kacheka mwenyewe. Ana mwanya. Sikujua.

Ijumaa, 14 Juni

Tumekwenda Mkata. Gari lina petroli kidogo, mafuta siku hizi dhahabu. Nimepelekwa mimi, eti mkalimani. Nimekaa mbele. Watu wa sokoni wameniona. Nimepunga.

Njiani Daktari kaniuliza Wakwavi wanasalimianaje. Nikamwambia "takwenya". Ndivyo mimi na Mama Saning'o tunavyosalimiana, najibiwa "iko". Karudia karudia.

Tumefika, wazee wamekaa. Daktari kaenda moja kwa moja kwa Baba Saning'o, kainama kwa heshima: "Takwenya!"

Boma zima likapasuka kwa kicheko. Kumbe ile salamu ni ya wanawake! Wanaume wana yao. Miaka sita najua ya wanawake tu, ningeijulia wapi nyingine? Baba Saning'o kacheka mpaka kashika goti. Kasema kitu, Mama Saning'o katafsiri: "Anasema huyu binti mrefu ni wa nani, tumwoze."

Daktari kacheka nao. Hakukasirika! Kauliza majani. Kangoja. Baba Saning'o mwenyewe kamchukua mkono kampeleka zizini. Sindano zimepigwa, damu imechukuliwa kwenye vichupa, hakuna aliyeulizwa idadi. Nimeona Daktari anahesabu kwa macho, midomo kafunga.

Mama Saning'o kanipikia chai. Hapana, kaniambia, "Shoga, maziwa pale, moto pale, pika." Nikapika. Nimefurahi sana leo.

Kurudi, Daktari kasema damu itakwenda maabara Dar kwa treni. Tena kaniambia jambo. Kasema habari ya mnyama mgonjwa ni ya mwenye mnyama. Ya kwake kwanza. Si ya ofisi, si ya mji. Tunayoyasikia pale ndani yanaishia pale ndani. Nikasema ndiyo, ndiyo, Daktari, najua.

Alhamisi, 20 Juni

Karatasi imekuja na treni ya asubuhi. Daktari kaisoma kwa sauti, anamsomea Mzee Chilewa. Nilikuwa nachemsha bomba, mlango uko wazi, masikio sikuziba.

Ni ule ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe wa Baba Saning'o wanao, si wote, baadhi. Daktari kasema na mtu anaweza kuupata kwenye maziwa mabichi. Homa, viungo vinauma, miezi. Ukichemsha maziwa umemaliza kazi. Kasema, "Petroli hakuna mpaka Jumatatu. Nitakwenda mwenyewe kumwambia mzee. Kabla ya hapo mtu asijue." Kanitazama na mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa niandike ukweli, daftari ni langu. Jioni bombani nimekutana na Mama Hadija, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Binti yake ana mimba ya miezi mitano na kila siku anakunywa maziwa ya Mama Saning'o, mabichi, moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu. Nikamwonea huruma yule mtoto. Ningeweza kusema chemsheni maziwa, nikaishia hapo. Nikasema yote. Nikasema ya nani. Nikasema na karatasi ya Dar. Nilimwambia, "Kwa siri, Mama Hadija." Naye macho yalimtoka, na mimi nikasikia utamu wa kusema. Ndiyo. Niliusikia.

Ijumaa, 21 Juni

Mji mzima.

Asubuhi bombani wananiambia mimi kama habari mpya. Na imekua usiku kucha kama unga wa chachu. Eti maziwa ya Wakwavi yanatoa mimba za watu. Eti kuna mwanamke kule karibu na stesheni mimba imeshamtoka. Nani? Hawajui. Eti serikali inaficha.

Nilisema, siyo hivyo, ni kuchemsha tu. Mmoja kaniambia, "We redio mbao, jana umetuma, leo unazima?" Wamecheka.

Nimepita sokoni saa tano. Mama Saning'o amesimama pale pale pake, vibuyu vimejaa. Hakuna mtu. Wanapita wanazunguka kama kuna shimo. Mwanamke mmoja kavuta mtoto wake. Yeye anatabasamu, anafungua kibuyu, ananusisha watu wajue hayajachacha. Anadhani wanasema yamechacha.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha chumvi. Sikutoka. Mimi mwenye mdomo.

Jumamosi, 22 Juni

Kaja nyumbani kwangu. Miaka sita ofisini, nyumbani alikuja mara mbili tu, msiba wa mama yangu na ndoa ya Zaituni. Kakaa kwenye kigoda. Kaniambia, "Shoga, we unajua watu wa hapa. Nimekosa nini?"

Nikasema sijui.

Kanywa maji. Kaondoka. Maziwa yote kayamwaga kwenye mfereji wa njia ya reli. Nimeyaona, yalikuwa bado meupe juu ya tope, mbwa wanagombea.

Najichukia leo.

Jumatatu, 24 Juni

Daktari kaenda Mkata asubuhi. Mimi hakunichukua, sikuomba.

Karudi saa tisa. Kaingia, kafunga mlango. Kasema Baba Saning'o alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Umekuja kuniambia habari ambayo watoto wa sokoni wamemwimbia mke wangu." Basi. Wanaume wakasimama, mkutano kwisha.

Daktari kasema, "Mama Zaituni, ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Nilingoja anifukuze. Nilishafunga kanga yangu vizuri, kama mtu anayeondoka. Daktari alingoja vile vile nilivyomfundisha mimi. Nikamwambia yote, ya Hadija, ya bombani, ya kibanda cha chumvi, ya sijui.

Kasema nimekosa. Kasema na yeye kakosa. Alisoma mlango ukiwa wazi. Alikaa siku nne anangoja petroli na baiskeli ya Mzee Chilewa ipo. Na siku ile ile angepita mtaa kwa mtaa akasema kila mtu achemshe maziwa ya ng'ombe yeyote, hakuna ambaye angetajwa. Kasema, "Hilo hakuna aliyenifundisha na sikulifikiria."

Ningependa angenitukana. Ingekuwa nafuu.

Alhamisi, 27 Juni

Balozi wetu wa nyumba kumi kapita na Daktari, nyumba kwa nyumba. Chemsheni maziwa. Maziwa yote, ya ng'ombe wote, hata wa mwenyekiti. Daktari sasa anaongea vizuri, anakaa, anauliza ugali wa njano mnauonaje. Watu wanacheka naye. Mama Hadija kachemsha sufuria zima mbele yake kama anafanya mtihani. Binti yake mzima, anakula udongo wa kichuguu tu.

Sasa watu wanajua. Maziwa hakuna. Mama Saning'o hapiti tena.

Saa mbili nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa na habari nzuri, fundi cherehani kamrudisha mkewe. Sikuwa na wa kumpa. Nilimwambia Mzee Chilewa, kasema "Eeh". Si sawa.

Jumanne, 2 Julai

Wamehama. Kasema mtu wa mbuzi aliyetoka Mkata. Boma limebaki miiba tu. Wameswaga ng'ombe upande wa Mikumi, wana ndugu huko. Wengine wanasema wangehama hata hivyo, kila mtu siku hizi anahamishwa kupelekwa kijiji cha ujamaa, vilio kila upande. Wanasema hivyo ili nijisikie vizuri. Sijisikii.

Namkumbuka anavyokung'uta miguu. Kwanza wa kushoto, halafu anausahau wa kulia mpaka nimkumbushe.

Nimemwandikia Baba Zaituni barua, mkono wangu mwenyewe, ya kwanza. Nimemwambia njoo. Sikumwambia kwa nini.

Jumamosi, 6 Julai

Mikumi. Nimerudi sasa hivi, nimechoka, lakini niandike.

Daktari alikuwa na safari kuona mifugo ya huko. Nikaomba. Kasema sawa, ila kaniuliza utasema nini. Nikamwambia nitajua nikifika. Kasema hapana, tufanye mazoezi. Basi ndani ya treni yeye kawa Mama Saning'o. Na shuka lake la kitandani begani! Abiria wanatutazama. Nikaanza: shoga yangu, unajua mimi nilikuwa na huruma, yule mtoto ana mimba, na Mama Hadija naye mdomo... Kaniinulia mkono. "Umesema ya Hadija, ya mama yake, ya huruma yako. Mimi niko wapi?" Nikaanza tena. Mara nne mpaka tunapita mashamba ya mkonge yote. Mara ya mwisho nikasema maneno machache: nilisema siri yenu, niliona unaaibishwa nikajificha, uliniuliza nikadanganya. Daktari kalivua lile shuka. Kasema, "Hayo. Usiongeze."

Tumeshuka Mikumi, tumetembea saa moja na nusu. Boma jipya, mabanda bado mabichi. Daktari kaamkia wanaume kwa salamu yao, sasa anaijua, lakini Baba Saning'o kasema hataki, kasema aseme ile ya kibinti. Kaisema. Wamecheka. Wamekwenda naye kuona wale ng'ombe wagonjwa, wenyewe wamekubali wachinjwe. Daktari wamemsamehe. Nimefurahi na nimeona wivu. Vyote.

Mama Saning'o alikuwa anakandika ukuta. Kanawa. Kanitandikia ngozi. Kapika chai mwenyewe, kaileta, kaishika kwa mikono miwili. Nilitaka kulia pale pale. Mgeni ndiye anayeletewa.

Nikasema yale maneno. Nilivyofundishwa, nikaishia pale. Naye hakusema kitu. Na mimi kimya sikiwezi, nikaongeza. Nikasema ya huruma. Nikasema ya Hadija, ya miaka sita, ya ngazi, ya fundi cherehani hata, sijui kwa nini nilimtaja fundi cherehani. Nikaapa sitasema tena neno la mtu. Nilisema mpaka chai ikapoa.

Kasema, "Maneno yako mazuri, Mama Zaituni. Siku zote mazuri. Ndiyo tabu yake."

Hakusema shoga. Karudi kwenye ukuta wake.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma mjini, hotuba, watoto na bendera. Nimekaa ndani. Mama Hadija kagonga ukuta, "Huendi? Weweee? Unaumwa?" Nikasema naumwa.

Sikuwa naumwa. Ningekwenda ningeona mambo, na ningeyabeba yote mpaka Jumatatu saa mbili, na ngazi tupu.

Ijumaa, 12 Julai

Kazi nyingi. Watu sasa wanakuja, leo kumi na mmoja mpaka saa sita. Daktari kaweka benchi nje, mbali na mlango, wanaongoja wasisikie ya aliye ndani. Benchi kalitengeneza Mzee Chilewa, linayumba. Mimi nawapokea. Nawaketisha, nawauliza majani. Nawaambia atakuja mtu atakuuliza mambo mengi, usiogope, kijana mzuri. Daktari kasema hiyo ni kazi, siyo kufagia, ataandika Morogoro waijue.

Mtu mmoja leo kambwa kake kamekufa mezani. Mzee mwenyewe, mkulima wa huko milimani, kaona haya kulia kwa ajili ya mbwa. Daktari kavuta kiti kakaa naye. Hakusema "mwingine". Mimi nikawatoa wa kwenye benchi nikawapeleka waone josho, wasimtazame mzee akitoka.

Bombani wameniuliza nani alikuwa analia ofisini. Nilijua jina, nilijua na jina la mbwa. Ilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikabeba ndoo yangu. Wanasema nimeringa, nimepata cheo.

Ningemwambia Mama Saning'o. Sio ya mbwa. Hii ya kunyamaza, jinsi inavyowasha.

Alhamisi, 18 Julai

Barua ya Baba Zaituni. Hawezi, miwa haijaisha. Kasema mwandiko wangu mzuri, nani kaniandikia?

Nimecheka. Nimekasirika. Nimelala mapema.

Jumanne, 23 Julai

Kaja.

Nilikuwa kwenye benchi napokea watu. Kabla sijainua kichwa niliona ile miguu, vumbi jekundu la Mikumi, si la kwetu. Hana vibuyu. Ana kitu kafunga kwenye kitambaa na uso umechoka. Katoka Mikumi kwa treni peke yake, mwanamke asiyepanda treni. Nikasema takwenya. Kasema iko.

Kauliza Daktari yupo. Nikasema yupo. Kanitazama, kautazama mlango, kanitazama tena. Hakuniambia toka. Ila hakuingia.

Nikaelewa. Nikanyanyuka. Nikawaambia wawili waliokuwa wanangoja twendeni, na Mzee Chilewa naye nikamwita, kulalamika kalalamika. Nikavuka barabara mpaka kule kwenye mawe ya wachimba mfereji, mbali, mahali ambapo hata ofisi ikiungua unaona moshi tu. Nikakaa nimeipa ofisi mgongo.

Wamekaa muda mrefu. Jua limepanda. Wale wawili wamechoka, mmoja kasema atarudi kesho. Sijageuka. Nilijiuliza ni ng'ombe, ni mtoto, ni mumewe, ni yeye mwenyewe. Nilijiuliza mpaka kichwa kikauma, nikaanza kuhesabu mabehewa ya mkonge yanayopita.

Nimesikia hatua. Kaja upande wangu, kile kitambaa hana tena. Nilidhani anapita kwenda stesheni. Kakaa kwenye jiwe la pili. Tulikaa. Hakusema, na mimi sikusema. Sijawahi kukaa na mtu muda ule bila neno, hata na marehemu mama yangu. Mara moja kavuta pumzi kama anataka kuanza, kaiacha. Nikaiacha na mimi.

Treni ilipolia kanyanyuka. Nilitaka kumwuliza atarudi lini. Nilitaka sana. Kanishika bega, akiegemea ili asimame vizuri, au kanishika tu, sijui. Kaenda.

Mama Hadija kaja jioni kuulizia habari, Mama Saning'o kamwona, mji mzima umemwona. Nimempa kigoda, nimempa uji. Tumeongea ya binti yake, mtoto sasa anacheza tumboni.

Saa hizi amefika Mikumi. Atakuwa anatembea.